Tumfungie ndani kaka yangu mpaka pombe imtoke?

Sista, hujambo. Nakuandikia nikiwa Nyalenda, Kisumu. Shida yenyewe ni ya kaka yangu, lakini imeninyima usingizi kana kwamba ni yangu.

Tumezaliwa watano. Kaka yetu mkubwa ana miaka 41 na ni fundi wa magari. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilipia karo mpaka nikamaliza kidato cha nne. Ni fundi hodari, wateja humfuata hata akihama gereji. Amekunywa tangu ujana, ila zamani alikuwa akinywa jioni na wenzake wakishafunga kazi. Miaka hii mitatu mambo yamegeuka. Sasa anaanza alfajiri. Kabla hajavaa viatu ni lazima atoe loki, yaani anywe kidogo ili atulie.

Mwezi uliopita alilala kwangu. Asubuhi nilimpa chai, mikono ikatetemeka mpaka kikombe kikawa kinagonga meno. Chai ikamwagikia kifua. Akageuka ukutani kwa aibu, akatoa kichupa mfukoni, akakishika kwa mikono miwili kama mtoto anayekunywa uji. Haikupita nusu saa nikamkuta nje kwenye pikipiki ya jirani, anaingiza skrubu ndogo kama punje ya dengu kwenye kabureta. Mikono imetulia tuli.

Kwa siku anamaliza vichupa vitatu vya kwota, vya pombe kali, na wikendi anaongeza chang'aa, pombe ya kienyeji, kwa mama pima anayeiuza. Hata hivyo hapigani, haanguki mtaroni, hajawahi kulazwa. Macho si ya manjano wala hana kitambi. Mwenyewe anasema ini lake ni la chuma. Ila chakula hali, na analalamika nyayo zimekufa ganzi. Juzi kandambili ilimtoka mguuni akaendelea kutembea, hakujua mpaka mtoto alipomwambia.

Aprili tulikutana nyumbani Seme. Baba mdogo akasema dawa ya mlevi ni kumnyima. Wakamfungia kwa kufuli kwenye simba yake, kile kibanda cha mtoto wa kiume bomani, chakula kinapitishwa dirishani. Siku ya kwanza alitokwa jasho, akatapika, hakulala. Siku ya pili jioni tukasikia kishindo. Tulipofungua alikuwa sakafuni, macho yamegeuka, mwili wote unarukaruka, povu mdomoni, ulimi ameuuma. Kwetu hakuna mwenye kifafa. Wengine wakasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, wengine wakasema amerogwa na fundi mwenzake. Alipozinduka jirani alimpa nusu glasi ya chang'aa. Sista, alitulia. Akalala. Kesho yake akarudi Kisumu na jambo likafunikwa.

Sasa baba mdogo anapanga Desemba. Safari hii wiki nzima, na watu wa maombi wakeshe mlangoni, asifunguliwe hata akilia. Mama amekubali. Wifi yangu naye amenunua unga kwa mama mmoja sokoni, shilingi 1,500. Unatiwa kwenye chai bila mlevi kujua, akinywa pombe anatapika mpaka anaichukia. Niliuomba niuweke kabatini kwangu nikuulize kwanza.

Wiki jana tukiwa wawili tu kaka aliniambia, "Nimechoka nayo, nataka kuacha, lakini naiogopa ile siku." Hakusema zaidi.

Tufanye nini? Na kwa kuwa nimeshaanza kuuliza, mimi mwenyewe hunywa bia mbili tatu Jumamosi tukiwa kwenye chama. Hizo nazo zina neno?

Ni mimi, mdogo wake, Nyalenda.

Mwanangu,

Msimfungie. Ningekusalimu kwanza, lakini Desemba haiko mbali, na nataka baba mdogo alione neno hilo hata kama hatasoma mengine. Mtu anayehitaji pombe asubuhi ili mikono itulie, na ambaye tayari ameanguka degedege siku ya pili ya kunyimwa, mkimfungia wiki nzima anaweza kufia mle ndani huku watu wa maombi wako mlangoni. Ile siku anayoiogopa, ana haki ya kuiogopa. Mwili wake ulimpa habari ya kweli, ninyi mkaiita chira.

Kaka yako ni fundi, basi nitaeleza kwa lugha ya gereji nawe umfikishie hivyo hivyo. Ubongo una breki zake na una mafuta yake. Pombe ni kama mguu wa mtu mwingine uliokanyaga breki. Inapunguza kasi, inalegeza wasiwasi, inaleta usingizi, na akizidisha sana hata pumzi inazorota. Mguu huo ukikanyaga Jumamosi moja na kuondoka, gari linarudi kama lilivyokuwa. Lakini ukikaa hapo kutwa kucha kwa miaka mitatu, ubongo haukubali gari lisimame. Unajirekebisha wenyewe: unalegeza breki zake za asili na kukanyaga mafuta zaidi, ili mtu aweze kutembea, kusema na kufunga skrubu. Hiyo ndiyo sababu vichupa vitatu havimwangushi. Jamaa mkimwona amesimama imara mnadhani ana kichwa kigumu, kumbe injini inanguruma chini kwa chini saa zote.

Sasa uondoe ule mguu kwa ghafla, kama mlivyofanya Aprili. Breki za asili zimelegea na mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Moyo unakimbia, presha inapanda, jasho, kutapika, mikono kutetemeka. Mambo hayo huanza kati ya saa 6 na 24 tangu tone la mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza, na ndivyo ilivyokuwa Seme. Halafu, kuanzia siku ya pili hadi ya nne hivi, wengine huingia hatua mbaya kuliko zote, ambayo wodini huitwa deliriamu tremensi. Mtu anapata homa, anaweweseka, hajui yuko wapi, anaona maruweruwe. Isipotibiwa inaua.

Ninyi mlifungua siku ya pili. Kumbuka hilo kila baba mdogo anapotaja wiki nzima. Na jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: kila mtu anapokatishwa pombe ghafla na kuirudia, safari inayofuata huelekea kuwa kali zaidi. Aliyewahi kupata degedege mara moja yuko karibu zaidi kuipata tena. Desemba haitaanzia pale Aprili ilipoanzia.

Niliiona hali hiyo nikiwa muuguzi kijana katika hospitali moja huku Bonde la Ufa. Mwanamume mmoja aliletwa na ndugu zake nyuma ya pikapu, mikono imefungwa kamba ya katani. Walikuwa wamemfungia siku tatu, na walifanya hivyo kwa kumpenda. Mmoja wao alikuwa bado ameshika sufuria ya uji aliyomletea. Yule mgonjwa alikuwa akichambua blanketi kwa vidole, anatoa kitu kisichoonekana, anakiweka kwenye kiganja, kisha ananinyooshea mimi. "Sista, shika hawa, wananimaliza." Aliona siafu. Tuliokuwa zamu tulidhani ni wazimu. Tulimfunga kitandani tukaandika barua ya kumpeleka kwa wagonjwa wa akili asubuhi. Hakuna aliyeuliza alikunywa lini mara ya mwisho, nami sikuuliza. Saa tisa usiku joto lake lilipita digrii 40. Asubuhi barua ile ilikuwa bado iko mezani na kitanda kimetandikwa upya. Nimekaa miaka mingi wodini baada ya usiku ule na swali hilo sijalisahau tena kwa mgonjwa yeyote: umekunywa lini mara ya mwisho?

Kwa hiyo mfanyeje kuanzia leo mpaka siku ya kwenda hospitali? Hapa Mama atashtuka, na namwomba anisikilize kama mwanamke mwenzake. Asinyimwe pombe nyumbani. Akiamka anatetemeka, aachwe anywe kiasi cha kumtuliza, bila kuongezewa na bila kufokewa, mpaka awe mikononi mwa daktari. Ile nusu glasi ya jirani haikuwa uganga wala haikuthibitisha kwamba pombe ndiyo dawa yake. Ilirudisha mguu kwenye breki, basi.

Ila isiwe chang'aa. Sheria ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa kuwa aliyeisukuma bungeni alikuwa mbunge wa Naivasha, iliondoa marufuku ya chang'aa kwa sharti kwamba ipikwe kwa leseni na ifungwe kwenye chupa. Ya mama pima haina leseni wala kipimo, na hakuna ajuaye kilichochanganywa. Kinachoogopwa zaidi ni methanoli, pombe ya viwandani isiyo na tofauti ya harufu wala ladha ambayo mnywaji anaweza kuitambua. Ini linaigeuza kuwa asidi inayounguza mishipa ya macho. Mnywaji hulewa kama kawaida, kisha baada ya nusu siku au siku nzima anaona ukungu, tumbo linakata, pumzi inakuwa nzito. Nairobi mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa kwa kinywaji cha namna hiyo, na mwaka 2014 makumi walikufa katika kaunti kadhaa kwa siku chache tu. Akisema macho yamefifia baada ya kunywa, msimwambie alale. Hospitali usiku huo huo, kwa kuwa dawa ya sumu hiyo ipo na kila saa inayopita inakula macho.

Na ule unga ulio kabatini kwako, umwage chooni. Ipo dawa halali ya hospitalini inayoitwa disulfiramu. Kwa kawaida ini hugeuza pombe kuwa sumu iitwayo asetaldehidi, kisha huivunja haraka. Disulfiramu inazuia uvunjaji huo, hivyo akinywa hata kidogo sumu inajaa: uso unawaka, moyo unadunda, anatapika, presha inaweza kuporomoka. Daktari humpa mtu aliyekwisha kuacha, aliyepimwa moyo na ini, na anayejua anachokimeza. Kumtilia kwenye chai mtu anayemaliza vichupa vitatu kwa siku ni kumtega. Kama ule unga ni dawa hiyo, unaweza kumuua. Kama siyo, hujui unamlisha nini. Halafu fikiria na hili: kaka yako amekuambia wewe peke yako kwamba amechoka. Akigundua kwamba chai yenu ilikuwa na kitu, hatamwambia mtu neno jingine.

Wifi asilaumiwe. Mwanamke aliyeona mume wake anayeyuka mbele ya watoto atanunua chochote.

Sasa hospitali. Huyu si mtu wa kupunguza polepole akiwa nyumbani. Degedege ya Aprili imeshaamua. Anahitaji kulazwa. Kisumu nendeni Russia, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Kama mtakuwa Seme, Kombewa iko karibu, wataanza na kuwapa rufaa ikihitajika. Msingoje Desemba. Chagua siku ya kazi, asubuhi, na mwambieni mhudumu mambo matatu kabla hajauliza: anakunywa kiasi gani kwa siku, amekunywa saa ngapi mara ya mwisho, na kwamba mwezi wa nne alipata degedege siku ya pili ya kuacha. Msiyafiche kwa aibu mkasema ana malaria. Mkifika na neno malaria atatundikiwa dripu, na usiku wa pili ataanguka degedege wodini bila mtu kujua kwa nini.

Wakijua, watampa dawa ya kushika nafasi ya ule mguu wa breki, mara nyingi diazepamu, na kuipunguza kidogo kidogo kwa siku tano mpaka saba hivi huku wakimpima presha na mapigo ya moyo. Dawa hiyo isinunuliwe dukani ikatumiwa nyumbani. Diazepamu juu ya pombe ni miguu miwili kwenye breki moja, na kinachosimama ni pumzi.

Jambo la pili watakalompa ni vitamini B1, thiamini, kwa sindano. Ulizeni kama ameipata, kwa adabu, lakini ulizeni. Mtu anayekunywa bila kula anaishiwa na vitamini hii. Chakula chenyewe hakiingii, na kidogo kinachoingia utumbo uliochomwa na pombe haukifyonzi vizuri. Ubongo unaitegemea kutumia sukari. Ndiyo maana dripu ya sukari ikitangulia kabla ya B1 inaweza kumaliza akiba ndogo iliyobaki, macho yakaanza kuchezacheza, mtu akayumba na kuchanganyikiwa. Akicheleweshwa, kumbukumbu inaweza isirudi: nimewaona wanaume wa miaka 45 wanaosalimia mke asubuhi, na saa sita wanamuuliza yeye ni nani.

Ganzi ya nyayo inatoka ukoo huo huo. Neva za miguuni ndizo ndefu kuliko zote mwilini, nazo huumia mapema, kwa pombe yenyewe na kwa kukosa vitamini. Kandambili ikitoka mguuni bila mtu kujua, msumari nao utaingia bila yeye kujua, na gerejini misumari haikosi. Avae viatu vya kufunga. Wifi amwangalie nyayo kila jioni, katikati ya vidole pia. Neva hupona polepole sana, kwa miezi, na nyingine hazirudi kabisa, lakini akiacha pombe na kula, kuharibika kunasimama.

Kuhusu ini la chuma. Ini halina kelele. Linaweza kujaa mafuta, likavimba, likaanza kuwa na makovu, na mwenyewe anacheza kadi na wenzake. Manjano ya macho, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, kutapika damu: hayo huonekana mlango wa mwisho. Hapa nina habari njema ambayo nataka umpe kaka yako neno kwa neno. Mafuta kwenye ini huweza kuisha ndani ya majuma machache tu mtu akiacha. Makovu hayafutiki kirahisi, lakini hata mwenye makovu anayeacha huishi zaidi ya yule anayeendelea. Apimwe damu ya ini akiwa wodini, pamoja na sukari na presha. Na kwa sasa, kichwa kikimuuma, asimeze parasetamoli ovyo kama pipi. Dozi isiyo na neno kwako inaweza kuumiza ini la mnywaji wa kila siku ambaye hali chakula. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo zinachubua tumbo ambalo pombe imeshalichubua. Kama ana dawa nyingine anazotumia, za TB, za virusi vya UKIMWI au za presha, daktari azijue zote.

Umeniandikia "vichupa vitatu" kana kwamba ni kidogo. Tuhesabu. Kwota moja ni mililita 250, na yenye nguvu ya asilimia 40 ina karibu gramu 79 za pombe tupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina gramu 17 hivi. Kwa hiyo kichupa kimoja kinakaribia bia tano, na vitatu ni bia 14 kila siku, Jumapili ikiwemo. Mwili wa mtu wa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kahawa, maji baridi au supu ya mbuzi haviharakishi. Mnywaji wa muda mrefu huweza kuondoa haraka kidogo, na hilo nalo linamdhuru, kwa sababu alfajiri tanki limekauka na mtetemo unaanza. Loki anayoitoa kila asubuhi ni mwanzo wa ule ugonjwa wa Aprili, anaukatiza kwa kichupa kila siku.

Akitoka hospitalini atakuwa amelala, anakula, mikono imetulia. Mtafurahi, na mtadhani imekwisha. Hapo kazi ndiyo inaanza. Wenzake watamngoja gerejini Ijumaa jioni, pesa ziko mkononi, na baa anaijua njia hata gizani. Usingizi utamsumbua kwa majuma kadhaa. Atahitaji mtu wa kuzungumza naye kwa utaratibu, tena si mahubiri. Hapa magharibi tuna ushahidi wetu wenyewe: kule Eldoret watafiti waliwafunza washauri wa kawaida, wasio madaktari, kuendesha vikao vya kikundi kwa Kiswahili, mara moja kwa wiki kwa majuma sita, na wagonjwa wa kliniki za virusi waliohudhuria wakapunguza unywaji wao. Vikao sita tu, kwa lugha tunayoombea mchele dukani. Nalitaja hilo kila ninapoambiwa kwamba ushauri ni mambo ya wazungu.

Piga 1192, ni namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bila malipo. Waulize kuhusu washauri na vituo vilivyo karibu nanyi. Mkichagua kituo cha kulaza, ombeni kuona leseni, ulizeni kama kuna muuguzi usiku, na tembeeni vyumbani kabla ya kulipa. Mahali ambapo watu wamefungwa minyororo au kuchapwa, ondokeni naye hata kama mmeshalipa. Hiyo ni simba ya Seme kwa bei kubwa zaidi.

Huenda akarudi kunywa. Wengi hurudi mara moja au mbili kabla ya kushika. Ikitokea, anayepokea simu awe wewe, na swali liwe lile lile: mara ya mwisho lini, kiasi gani. Kama amekunywa siku moja ni jambo moja. Kama amekunywa majuma, asiache mwenyewe kwa ghafla, arudi hospitalini.

Bia zako za Jumamosi. Sitakuweka kundi moja na kaka yako, lakini umeuliza na sitakudanganya. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba hakuna kiasi ambacho mtu anaweza kusema hakina hatari kabisa. Kwa mwanamke, saratani ya matiti ndiyo ninayoifikiria kwanza, maana hatari yake hupanda hata kwa unywaji mdogo. Mwili wetu pia una maji machache kuliko wa mwanamume wa kilo sawa, hivyo bia mbili zako si bia mbili zake. Ukipunguza, umepunguza hatari. Ukiacha, bora zaidi. Ukipata mimba au ukianza kuitafuta, acha zote, kwa sababu pombe inapita mpaka kwa mtoto na ini lake bado ni changa mno kumsaidia.

Kwa baba mdogo nenda mwenyewe kabla ya Desemba, usimpigie simu. Mwambie hakukosea kutaka kumwokoa. Ndiye mtu mzima pekee aliyesimama kufanya jambo. Mpe kazi kubwa zaidi ya kufuli: awe ndiye anayempeleka hospitali na kukaa naye benchi, kwa niaba ya ndugu yake aliyefariki. Watu wa maombi nao waje, waombee wodini, saa za kutembelea wagonjwa. Nimewaona wagonjwa wakishika mkono wa mchungaji huku sindano ya B1 inaingia mkono wa pili, na sikuona ugomvi wowote kati ya mikono hiyo miwili.

Kaka mwambie wewe. Mkiwa wawili tena, kama siku ile. Usianze na familia imeamua. Mwambie ile siku unayoiogopa kuna dawa yake, hutaipitia ukiwa peke yako, nami nimeuliza.

Mfungashie kitambulisho, blanketi, viatu vya kufunga na nguo za siku saba. Siku za mwanzo mikono bado itatetemeka kidogo, na wodi imejaa watu. Ukimpelekea chai, tia nusu kikombe, umwongezee akimaliza, isije ikamwagika mbele yao.